Mvua Haifuati Likizo

Kila mwaka ikifika Julai, magari ya wageni huanza kupandisha barabara za vumbi za Muheza, Mkinga na Handeni, mkoani Tanga, yamebeba vijana wa Ulaya na Marekani waliokuja kutusaidia kulima bustani. Julai! Masika imeondoka tangu mwisho wa Mei, kusi inavuma, udongo umeanza kukakamaa, na vuli haitarajiwi kabla ya Oktoba. Hakuna mkulima wa pwani hii, hata mtoto wa darasa la tano, atakayekwambia kwamba huo ni mwezi wa kuanzisha bustani mpya ya mboga mahali pasipo na maji. Kundi la pili huja Desemba ikielekea ukingoni na Januari, vuli ikiwa imekatika na kaskazi imeshika kazi ya kuunguza. Misimu yote miwili ya wageni inaangukia kwenye ukavu, na misimu yote miwili ya mvua inapita bila wao. Sababu haijifichi: katikati ya mwaka vyuo vya kwao vimefungwa, na mwisho wa mwaka kuna sikukuu.

Nasema bila kuzunguka: bustani iliyopangiwa tarehe na chuo cha ng'ambo haiwezi kuwa bustani ya kijiji. Ardhi ni ya kijiji, maji ni ya kijiji, migongo inayoinama ni ya akina mama wa kijiji, lakini anayeamua lini, nini na kwa muda gani ni mtu ambaye hajawahi kula chungu kimoja na watu wa pale. Na tumeruhusu sisi. Viongozi wetu wamepiga makofi, mashirika yetu ya hapahapa yameandika maombi ya fedha juu yake, na akina mama wamebaki na ndoo.

Najua jibu la watu wa miradi, nimelisikia vya kutosha. Wanasema kiangazi ndipo mboga zinapoadimika, kwa hiyo bustani ya kiangazi ndiyo yenye faida kuliko zote. Hoja hiyo ina nguvu, na ningeiunga mkono kesho asubuhi kama ingekuja na maji. Inakuja na reki, glavu, fulana zenye nembo, na mikono mingi mahali ambapo mikono haijawahi kuwa haba. Tufanye hesabu ambayo mradi hauifanyi mbele ya watu. Kwenye jua la kaskazi, tuta la mboga linahitaji kama lita 5 za maji kwa kila mita ya mraba kwa siku. Bustani ya mita 10 kwa 10, ambayo ni ndogo tu, inataka lita 500. Hizo ni ndoo 25 za lita 20, kila siku, Ijumaa kwa Jumapili, mtoto akiumwa au asipoumwa. Kisima kikiwa umbali wa nusu kilomita, ndoo hizo zinafanya kilomita 25 za kwenda na kurudi, nusu yake maji yakiwa kichwani. Nani anazitembea? Wageni wameondoka. Wanaume wako gulioni au baharini. Jibu linajulikana na kila mtu aliyekaa kwenye kikao cha kuanzisha mradi, na hakuna aliyeliandika kwenye bajeti.

Kwenye vijiji vya karibu na mdomo wa mto Pangani kuna taabu juu ya taabu. Bahari inapanda mtoni, visima vinaingia chumvi, na ukimwagia miche maji hayo majani yanaungua kuanzia kingo. Akina mama wa huko wanalijua hilo kwa kuonja. Ukiwaambia wapande letusi kwa sababu mgeni ameleta pakiti za mbegu za letusi, watapanda, kwa adabu tu, na wiki mbili baadaye watang'oa mabua makavu.

Wiki mbili ndio muda wa ziara nyingi za aina hii. Mchicha, mboga yenye haraka kuliko zote tulizonazo, unataka wiki tatu hadi nne tangu kusia mbegu mpaka kuchuma. Nyanya zinataka miezi. Mtu anayekaa wiki mbili hawezi hata kuula mchicha alioupanda mwenyewe, achilia mbali kujifunza kwa nini ulinyauka.

Nilikuwepo siku moja ya kupokea wageni, kijiji kimoja upande wa Mkinga, na nitaeleza nilichokiona. Matuta yalikuwa yameshachimbwa. Akina mama walikuwa wameyachimba jana yake, wakaweka samadi, wakamwagia, ili wageni wakute kazi laini. Njia imefagiliwa, viti vya plastiki vimeazimwa msikitini na shuleni, kitabu cha wageni kiko mezani. Katibu wa kikundi akasoma risala: tuna changamoto ya uzio, tuna changamoto ya pampu, tunaomba, tunaomba, tunaomba. Wageni wakapiga makofi. Hakuna aliyejibu suala la pampu. Kisha, saa tano asubuhi, jua likiwa utosini, wakapewa miche ya nyanya wapande.

Kila mtu aliyewahi kushika kitalu anajua kwamba miche huhamishwa jioni, jua likilegea, ili ipate usiku mzima wa kushika udongo. Saa tano ilichaguliwa kwa sababu gari lilitakiwa kuondoka saa saba. Binti mmoja mwenye nia njema kabisa, namkumbuka uso wake ulivyoiva kwa joto, alikuwa anaukunja mzizi wa kila mche ndani ya shimo na kushindilia udongo mpaka shina linazama. Mama aliyesimama karibu naye alitabasamu na kumpa mche mwingine. Hakumrekebisha. Angemrekebishaje? Lugha hawaelewani, mgeni ni mgeni, na mwenyekiti alikuwa ameshaagiza wageni wafurahi. Jioni, wageni wameshafika kwenye hoteli ya ufukweni, mama yuleyule alirudi na jembe dogo. Aliing'oa miche yote, akainyoosha mizizi, akaipanda upya mmoja mmoja, na juu ya kila mche akachomeka kipande cha kuti kiwe kivuli. Alimaliza kigiza kikiingia. Bado alikuwa hajapika.

Huyo ndiye mtaalamu wa bustani ile. Jina lake halimo kwenye taarifa ya mradi popote, isipokuwa kwenye orodha ya walionufaika.

Hapa ndipo hasira yangu inapochemka, maana mradi mzima umejengwa juu ya dhana kwamba wanawake wa Tanga hawajui mboga. Waulizeni wanachochuma. Watawatajia mchunga, mnavu, mlenda, matembele, kisamvu, majani ya kunde, majani ya maboga, na mchicha wa aina zaidi ya moja, mwingine wa kupanda na mwingine wa kujiotea kwenye shamba la mahindi. Watawaambia upi unachemshwa maji ya kwanza yakamwagwa kupunguza uchungu, upi unaungwa na nazi, upi anapewa mama aliyejifungua. Mwaka 1979 mtafiti Anne Fleuret alichapisha utafiti wake kuhusu majani ya porini kwenye chakula cha Wasambaa wa Lushoto, akaonyesha jinsi yalivyo na nafasi kubwa kwenye mlo wa kila siku. Ni zaidi ya miaka 40 sasa. Mbegu za mboga hizi za Kiafrika, mnavu na mchicha na nyanya chungu, zinahifadhiwa na kuboreshwa na kituo cha World Vegetable Center pale Arusha, safari ya siku moja kwa basi kutoka Tanga. Lakini pakiti zinazofunguliwa mbele ya kamera ni za karoti na letusi zilizonunuliwa dukani ng'ambo.

Udumavu upo, na sitaki mtu anitafsiri kwamba naukana. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulikuta asilimia 30 ya watoto wa Tanzania walio chini ya miaka mitano wamedumaa. Watatu kati ya kila kumi! Jambo zito kiasi hicho linataka maji, ardhi, mbegu na mtu wa kukaa. Kulichukua tukaligeuza mchezo wa asubuhi moja wa vijana wa likizo ni dharau kwa watoto wenyewe.

Wageni wa kujitolea si kitu kipya nchini, na zamani tulijua kuwatumia. Mwaka 1961, miezi michache kabla ya bendera ya uhuru kupandishwa, Tanganyika ilipokea kundi lake la kwanza la Peace Corps kutoka Marekani. Serikali ya Nyerere haikusema njooni mtusaidie chochote. Ilitaka wapima ardhi, wahandisi na wanajiolojia, kwa sababu ilikuwa na barabara za kupima na kujenga na haikuwa na watu wa kazi hiyo. Ikaletewa hao. Baadaye mambo yalipobadilika, mwaka 1969 mpango ule ukafungwa hapa kwetu, na wakarudi mwaka 1979. Nchi ilikuwa na mdomo wa kusema njoo na mdomo wa kusema basi. Hata leo mtu wa Peace Corps anafundishwa Kiswahili kabla ya kupelekwa kijijini, na anakaa huko miaka miwili. Ataona masika mbili na vuli mbili, atazika na kuoza na wenyeji wake. Naye anaweza kukosea, lakini atakosea akiwepo, na jirani yake atamwambia. Azimio la Arusha la Februari 1967 lilituonya kwamba nchi inayotegemea misaada ya nje kwa maendeleo yake inauhatarisha uhuru wake. Watu wa siku hizi wanaona hayo ni maneno ya kizamani. Mimi nikiona kijiji kizima kimesimamisha palizi kumsubiri mgeni aliyechelewa, nayaona ni maneno ya leo.

Na sisi wa Tanga tuna kumbukumbu yetu wenyewe ya watu wa nje kutufundisha tuta. Baada ya Vita Kuu ya Pili, serikali ya Mwingereza ilianzisha mpango wa kuhifadhi udongo wa Usambara, ukianzia bonde la Mlalo. Wakulima waliamriwa kuchimba matuta kwenye miteremko, na asiyechimba alikiona. Wasambaa walipinga, wanawake kwa wanaume, na walikuwa na hoja: kazi ilikuwa nzito kupita kiasi, na walioiamuru hawakuwa wameuliza mtu analishaje nyumba yake kwenye mteremko ule. Upinzani ule ukaingia kwenye harakati za TANU milimani, na mpango ukavunjika katika miaka ya 1950. Mwanahistoria Steven Feierman ameueleza kwa kirefu kwenye kitabu chake cha mwaka 1990, Peasant Intellectuals. Sidai kwamba binti mwenye glavu ni sawa na bwana shauri mwenye faini. Yule alikuja na amri, huyu amekuja na upendo. Lakini mama mwenye shamba hakuulizwa wakati ule na haulizwi sasa, na upendo una hatari yake, kwa sababu amri unaweza kuipinga na wenzako wakakuunga mkono, ila ukimpinga mgeni mwenye upendo unaonekana huna shukrani.

Yupo aliyewaambia vijana wa aina hii ukweli usoni. Aprili 1968, padri Ivan Illich alisimama mbele ya wanafunzi wa Marekani waliokuwa wakijiandaa kwenda kujitolea vijijini Mexico kiangazi kile. Aliwaambia waje kutazama, waje kutembea, waje kusoma kama wakitaka, lakini wasije kusaidia, kwa sababu hawakuwa na uwezo hata wa kujua madhara wanayoyafanya. Alialikwa kuwahutubia na akawaomba waache safari yao ya kujitolea. Mimi siendi mpaka hapo alipofika Illich. Nataka mgeni aje. Ila aje kwa kazi tuliyomwomba, kwa muda unaoitosha kazi hiyo, na awe chini ya mtu.

Kwani nani ananufaika na mtindo wa sasa? Shirika linapata picha za kuombea fedha za mwaka unaofuata. Kampuni ya safari inauza vitanda. Kijana anapata cheti na kumbukumbu. Mtendaji wa kijiji anapata sifa kwamba kijiji chake kina wafadhili. Na mahitaji yenyewe yanaanza kuwa mtaji, yaani bustani ikifanikiwa kabisa hakuna cha kumwonyesha mgeni anayekuja mwakani. Msiniambie natia chumvi. Kule Kambodia, ilifika mahali vituo vya yatima vikaongezeka huku watalii wa kujitolea wakiongezeka, na mwaka 2011 UNICEF na serikali ya nchi hiyo wakaonyesha kwamba watoto wengi waliokuwa ndani ya vituo hivyo walikuwa na mzazi aliye hai. Penye wageni wanaolipa kuona shida, shida hutunzwa. Sitaki kuiona Tanga ikitunza bustani kavu.

Wanaonufaika kuliko wote, kwa maoni yangu, ni wale wanaolipwa mshahara kwa kazi hii na hawaonekani. RUWASA iliundwa mwaka 2019 ili vijiji vipate maji. Kazi ya kisima ni yake, na diwani anatakiwa kuibana kwenye baraza la madiwani, siyo kumkabidhi mgeni risala. Afisa ugani ana pikipiki. Serikali ilianza kuzigawa kwa maelfu Aprili 2022, na bajeti ya kilimo ilipanda kutoka shilingi bilioni 294 mwaka 2021/22 hadi bilioni 954 mwaka uliofuata. Basi pikipiki ifike bustanini. Mara ngapi tumeona bwana shamba akihudhuria siku ya wageni tu, amechomekea, amebeba daftari, na kesho yake simu haipokelewi? Kila mara mgeni anapoinama kuchimba tuta, mtumishi wetu mmoja anapumzika, na sisi tunapiga makofi.

Halafu kuna hela. Nauli ya ndege ya kwenda na kurudi kutoka Ulaya msimu wa Julai haipungui shilingi milioni mbili kwa mtu mmoja. Kundi la watu kumi limeshatumia milioni 20 kabla halijanunua chupa ya maji. Kwa fedha hiyo kikundi cha akina mama kingeweza kukaa na fundi kisima, na muuza matangi, na muuza mipira ya umwagiliaji wa matone, wakapatana bei wakiwa wao ndio wenye mfuko. Vijana hao wana haki ya kusafiri na fedha zao ni zao. Lakini wasituambie zimetumika kwa ajili ya bustani yetu.

Dawa iko mikononi mwetu na haihitaji sheria mpya. Sheria ya Serikali za Mitaa ya mwaka 1982 imeupa mkutano mkuu wa kijiji, yaani watu wazima wote wa kijiji, mamlaka ya juu kabisa pale kijijini. Mradi wowote wa wageni upelekwe huko, usiishie mezani kwa mwenyekiti na mtendaji. Fedha zake zisomwe pale pamoja na mapato na matumizi mengine ya kijiji, hadharani, kila robo mwaka. Kabla bango halijasimikwa, ardhi ya bustani iwe na hati ya kimila kwa jina la kikundi, kama Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inavyoruhusu, kwa sababu tunajua yanayotokea: bustani ikianza kustawi, mwenye eneo anakumbuka kwamba ni lake. Kikundi kikishasajiliwa kiende halmashauri kudai mikopo ile ya asilimia 10 ya mapato ya ndani, ambamo asilimia 4 ni ya wanawake; hiyo ni haki yao, na haina risala. Mgeni anayetaka kufanya kazi aonyeshe kibali chake cha ukaazi na aeleze anajua nini. Anayejua pampu aende kwenye pampu. Asiyejua kitu apewe mwalimu, na mwalimu awe yule mama wa makuti, alipwe kwa kila siku anayofundisha kama mtaalamu mwingine yeyote anavyolipwa posho. Ndoo nazo ziandikwe kwenye bajeti. Nani atachota, ngapi, na kwa malipo gani. Mradi usioweza kujaza mstari huo urudishwe ulikotoka.

Madiwani wa Mkinga, Muheza, Pangani na Handeni, hili lifanyeni kwenye vikao vyenu kabla ya mvua za vuli. Na ninyi wenyeviti ambao wageni wa Julai ijayo wameshawaandikia barua, wajibuni wiki hii. Waambieni wabadilishe tarehe, waje mwisho wa Septemba tunapoandaa mashamba, wakae mpaka mboga zichumwe na zipikwe. Wasioweza wabaki kwao, watume fedha ya tangi kwenye akaunti ya kikundi, na risiti watatumiwa na katibu.